Mashindano ya vilabu vya wanawake katika mpira wa magongo wa ndani

Mpira wa magongo wa ndani (pia: hoki ya ndani) ni aina ya mpira wa magongo inayochezwa ukumbini, juu ya sakafu ngumu, kati ya timu mbili zenye wachezaji 6 kila moja uwanjani. Mashindano ya vilabu vya wanawake hukutanisha klabu bingwa za nchi mbalimbali, tofauti na yale ya timu za taifa. Yanayojulikana zaidi ni Kombe la Ulaya la Vilabu la mchezo huu, ambalo limekuwa likiandaliwa na Shirikisho la Mpira wa Magongo la Ulaya tangu mwaka 1990.

Katika kombe hilo klabu haichezi kwa ajili yake peke yake. Nafasi inayoipata ndiyo inayoamua bingwa wa nchi yake atacheza daraja gani mwaka unaofuata, hata kama bingwa huyo atakuwa klabu nyingine.

Katika Afrika ya Mashariki wanawake hucheza mpira wa magongo zaidi kwenye viwanja vya nje. Vilabu vya Kenya na Uganda vimeshiriki mashindano ya vilabu ya bara la Afrika kwenye viwanja hivyo. Nchini Tanzania mchezo huu una historia ndefu, lakini viwanja vyake ni vichache.

## Historia

Mpira wa magongo wa kawaida huchezwa nje na wachezaji 11 kila upande. Katika nchi za Ulaya ya kati majira ya baridi huleta theluji na barafu, na ligi za nje husimama kwa miezi kadhaa. Wachezaji wa Ujerumani walianza kuingia kwenye kumbi za michezo ili wasipoteze mazoezi, na katika miaka ya 1950 mchezo wa ndani ulipata sura yake yenyewe. Kutoka huko ulienea katika nchi jirani.

Ubingwa wa Ulaya wa mataifa ulianza mwaka 1974 kwa wanaume, mjini Berlin, na mwaka 1975 kwa wanawake, mjini Arras, Ufaransa. Kombe la vilabu lilifuata mwaka 1990.

Wanawake walikuwa na shirikisho lao la kimataifa la mpira wa magongo tangu mwaka 1927, kwa sababu vyama vingi vya wanaume havikuwapa nafasi. Shirikisho hilo liliungana na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo (FIH) mwaka 1982. Miaka miwili kabla ya hapo, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980, mpira wa magongo wa wanawake ulichezwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Medali ya dhahabu ilichukuliwa na Zimbabwe, iliyoalikwa wiki chache tu kabla ya michezo kuanza kwa sababu nchi nyingi zilikuwa zimesusia.

Mchezo wa ndani haujawahi kuwa sehemu ya Olimpiki. Jambo hili lina uzito, kwa sababu serikali na kamati za Olimpiki za nchi nyingi hutoa fedha kwanza kwa michezo ya Olimpiki. Hivyo timu nyingi za ndani hutegemea ada za wanachama, wadhamini na watu wa kujitolea.

## Uwanja na vifaa

Uwanja wa ndani una urefu wa mita 36 hadi 44 na upana wa mita 18 hadi 22. Uwanja wa nje una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Kwa hiyo uwanja wa ndani wa mita 40 kwa 20 ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa nje.

Goli lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 2. Vipimo hivi ni sawa na vya goli la mpira wa mikono, na uwanja wa mpira wa mikono, wenye mita 40 kwa 20, unaingia katika vipimo vya mpira wa magongo wa ndani. Ndiyo maana kumbi nyingi za Ulaya hutumika kwa michezo yote miwili.

Pembeni mwa uwanja, kwenye mistari mirefu, huwekwa mbao zenye kimo cha sentimita 10, ambazo upande wake wa ndani huinama kidogo kuelekea uwanjani. Mbao hizo huzuia mpira usitoke, na wachezaji huzitumia kama mwenzao wa ziada: mchezaji anausukuma mpira kwenye ubao kwa pembe fulani, nao unarudi nyuma ya beki. Kwenye mistari ya magoli hakuna mbao.

Mbele ya kila goli huchorwa eneo la kufungia lenye umbo la nusu duara, kwa kipimo cha mita 9 kutoka golini. Alama ya pigo la penalti iko mita 7 kutoka golini.

Gongo la ndani huwa jembamba na jepesi kuliko la nje. Kipa huvaa kofia ngumu, kinga ya kifua, glavu na kinga nene za miguu. Wachezaji wengine huvaa kinga ya ugoko na ya meno, na wengi huvaa glavu kwenye mkono wa kushoto, ambao hupita karibu na sakafu.

## Kanuni kuu

Kanuni inayoutofautisha zaidi mchezo huu na ule wa nje ni kwamba mpira hausukumwi kwa kupigwa. Mchezaji haruhusiwi kuinua gongo na kuupiga mpira kwa nguvu. Gongo huanza likiwa karibu na mpira, kisha huusukuma. Mpira pia hauruhusiwi kuinuliwa kutoka sakafuni, isipokuwa mchezaji anapolenga goli akiwa ndani ya eneo la kufungia. Kanuni hizi hulinda miguu na nyuso za wachezaji katika nafasi ndogo, na huufanya mchezo uwe wa pasi fupi na pembe badala ya nguvu.

Kanuni nyingine muhimu ni hizi:

* Kila timu inaweza kuandikisha wachezaji hadi 12 kwa mechi. Wachezaji 6 huwa uwanjani, kwa kawaida mmoja wao akiwa kipa.
* Mchezaji anaweza kubadilishwa karibu wakati wowote, na idadi ya mabadiliko haina kikomo.
* Katika mashindano ya kimataifa mechi ina robo 4 za dakika 10 kila moja. Zamani ilikuwa vipindi viwili vya dakika 20.
* Goli huhesabiwa tu ikiwa mshambuliaji ameugusa mpira ndani ya eneo la kufungia.
* Mchezaji aliyelala sakafuni haruhusiwi kuucheza mpira, isipokuwa kipa akiwa ndani ya eneo lake.
* Kadi ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika 1, ya njano kwa dakika zisizopungua 2, na nyekundu kwa muda wote uliobaki.

Timu inayofanya kosa ndani ya eneo lake inaweza kuadhibiwa kwa kona ya adhabu. Mshambuliaji mmoja huusukuma mpira kutoka kwenye mstari wa goli, umbali wa mita 6 kutoka nguzo ya goli. Mpira lazima kwanza utoke nje ya nusu duara ndipo wenzake waweze kufunga. Kipa husimama golini, na mabeki wengine husubiri nyuma ya mstari, upande wa pili wa goli. Kwa kuwa uwanja ni mdogo, kona hizi hutokea mara nyingi, na timu yenye mfungaji hodari wa kona huweza kushinda mechi ambayo haikuitawala.

Timu iliyo nyuma dakika za mwisho huweza kumtoa kipa na kuingiza mchezaji wa sita wa ndani. Goli lake hubaki wazi, lakini inapata mtu mmoja zaidi wa kushambulia. Matokeo ya mechi nyingi za ndani yamebadilika katika dakika hizo.

## Kombe la Ulaya la Vilabu

### Jinsi klabu inavyofuzu

Kila nchi humtuma bingwa wake wa ligi ya ndani. Katika nchi kama Ujerumani ligi hiyo huchezwa kuanzia mwisho wa mwaka hadi Februari, na vilabu vinavyoshiriki ni vilevile vinavyocheza ligi ya nje majira ya joto. Wachezaji ni walewale. Hubadilisha gongo, viatu na mbinu.

Mashindano ya Ulaya hufanyika kwa kawaida mwezi Februari, katika mji mmoja, kwa siku tatu. Daraja la juu lina timu 8. Chini yake kuna madaraja mengine ambamo nchi zenye mchezo mdogo hushindana zenyewe kwa zenyewe.

### Mpangilio wa mechi

Timu 8 hugawanywa katika makundi mawili ya timu 4. Kila timu hucheza na nyingine zote za kundi lake, hivyo makundi yote mawili hutoa mechi 12. Timu mbili za juu katika kila kundi huenda nusu fainali. Timu nne zilizobaki huunda kundi jipya la kupigania kubaki daraja la juu. Katika kundi hilo matokeo ya mechi kati ya timu zilizotoka kundi moja hubebwa, na kila timu hucheza mechi mbili na zile zilizotoka kundi jingine.

Hesabu yake ni hivi: mechi 12 za makundi, 4 za kundi la chini, 2 za nusu fainali, 1 ya nafasi ya tatu na 1 ya fainali, jumla mechi 20. Kila timu, iwe bingwa au ya mwisho, hucheza mechi 5 ndani ya siku tatu. Kwa mechi ya dakika 40, hizo ni dakika 200 za mchezo wa kasi. Hii ndiyo sababu benchi lenye wachezaji wenye uwezo ulio sawa huwa na thamani kuliko nyota mmoja.

### Kupanda na kushuka daraja

Timu mbili za mwisho hushuka daraja, na timu mbili bora za daraja linalofuata hupanda. Kinachoshuka au kupanda ni nafasi ya nchi, si ya klabu.

Tuseme Klabu A ni bingwa wa nchi fulani, nayo inamaliza ya nane. Mwaka unaofuata Klabu B inatwaa ubingwa wa nchi hiyohiyo. Klabu B italazimika kucheza daraja la pili ingawa haikupoteza mechi yoyote ya Ulaya. Kinyume chake pia hutokea: Klabu A inaweza kupandisha nchi, kisha ikashindwa kwenye ligi ya nyumbani na kumwachia mpinzani wake kiti ilichokitafuta.

Kwa sababu hiyo mechi za kundi la chini, ambazo hazina kombe, mara nyingi huchezwa kwa bidii kama fainali. Ushindi wa goli moja katika mechi ya kuwania nafasi ya sita unaweza kuamua kama mabinti wa vilabu vingine vya nchi hiyo watakutana na mabingwa wa Ujerumani mwaka unaofuata, au watasubiri mwaka mwingine.

### Vilabu

Vilabu vya Ujerumani vimetwaa kombe la wanawake mara nyingi kuliko vya nchi yoyote nyingine. Miongoni mwa vilabu vya Ujerumani vinavyojulikana kwa timu zao za wanawake ni Rot-Weiss Köln wa mjini Cologne, pamoja na Der Club an der Alster na Uhlenhorster HC, vyote viwili vya Hamburg. Nguvu yao inatokana na ligi ya nyumbani yenye ushindani, kumbi nyingi na watoto wanaoanza kucheza ndani wakiwa bado shule ya msingi.

Nchi ambazo si vigogo wa mchezo wa nje zimepata nafasi kubwa zaidi ndani. Klabu ya Slavia ya Prague, Ucheki, na Sumchanka ya mji wa Sumy, Ukraine, zimeshiriki kwenye mashindano haya. Hali hiyo inaonekana pia kwa timu za taifa.

## Kombe la Dunia la mataifa

FIH ilianzisha Kombe la Dunia la mchezo wa ndani mwaka 2003. Mabingwa wa wanawake wamekuwa hawa:

* 2003, Leipzig: Ujerumani
* 2007, Vienna: Uholanzi
* 2011, Poznań: Ujerumani
* 2015, Leipzig: Uholanzi
* 2018, Berlin: Ujerumani
* 2023, Pretoria: Uholanzi
* 2025, Poreč: Poland

Mashindano ya Pretoria, Afrika Kusini, yalikuwa ya kwanza kufanyika barani Afrika. Awali yalipangwa kufanyika Liège, Ubelgiji, mwaka 2021, lakini janga la UVIKO-19 lilivuruga mipango hiyo.

Kwa upande wa Afrika, Namibia imekuwa mfano muhimu. Nchi hiyo ina watu takriban milioni 3 tu, lakini timu yake ya wanawake ilicheza Kombe la Dunia la ndani mjini Berlin mwaka 2018. Mashindano ya mataifa ya Afrika ya mchezo wa ndani yamewahi kufanyika Swakopmund, mji wa pwani wa Namibia. Nchi ndogo inaweza kuunda timu ya wachezaji 12 wenye uwezo kwa urahisi kuliko kikosi kamili cha mchezo wa nje.

Mchezo wa ndani usichanganywe na *Hockey5s*, mchezo mwingine mfupi ulioanzishwa na FIH, wenye wachezaji 5 kila upande na mbao pembeni, ambao huruhusu kufunga kutoka mbali zaidi na huweza kuchezwa nje. Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lilifanyika Muscat, Oman, Januari 2024. Kwa wanawake Uholanzi ilitwaa ubingwa, na Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini, Namibia na Zambia.

## Afrika ya Mashariki

### Kenya na Uganda

Kenya ndiyo nchi yenye mafanikio makubwa zaidi ya mpira wa magongo katika ukanda huu. Timu yake ya wanaume ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, mjini Barcelona mwaka 1971. Timu ya wanawake ilishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022.

Kwa vilabu vya wanawake, jina kubwa ni Telkom ya Nairobi, timu iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi kwenye uwanja wa nje. Kampuni ya simu ilipoacha kuidhamini, timu iliendelea kwa jina la Blazers. Inashindana katika ligi na timu za vyuo vikuu kama Scorpions ya Chuo Kikuu cha Strathmore na Spartans ya USIU, pamoja na Lakers ya Kisumu na Sliders. Uwanja mkuu ni City Park, Nairobi.

Nchini Uganda mchezo umejikita Kampala, kwenye uwanja wa Lugogo, na Weatherhead ni miongoni mwa vilabu vyenye timu imara ya wanawake.

Historia ya Telkom inaonyesha udhaifu unaozikabili timu nyingi za wanawake: klabu inaweza kuwa bingwa wa bara na bado ikategemea uamuzi wa mdhamini mmoja.

### Tanzania

Mpira wa magongo uliletwa wakati wa ukoloni na ulistawi kwanza katika vilabu vya jamii zenye asili ya Asia, hasa Wagoa na Masingasinga, mijini Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Mwaka 1980 timu ya wanaume ya Tanzania ilicheza Olimpiki ya Moscow. Ilimaliza ya mwisho kati ya timu 6 na kufungwa na India magoli 18 kwa 0, lakini imebaki kuwa timu ya mpira wa magongo ya Tanzania iliyofika mbali zaidi.

Wakati huohuo mchezo ulikuwa unabadilika. Tangu Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, mechi kubwa za nje huchezwa kwenye nyasi bandia, na uwanja wa aina hiyo ni ghali kujenga na kutunza. Nchi zilizobaki na viwanja vya nyasi za kawaida au vumbi ziliachwa nyuma, kwa sababu mpira hukimbia tofauti na mbinu hujifunzwa tofauti.

Jijini Dar es Salaam, kituo cha JMK Park kilichopo Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa mwaka 2015, kimekuwa mahali muhimu pa mchezo huu. Kwa vijana wanaoishi pembezoni mwa jiji, kama vile Ukonga na Gongo la Mboto katika Wilaya ya Ilala, au Mbagala katika Wilaya ya Temeke, kufika katikati ya jiji kwa mazoezi ya jioni kunahitaji nauli na saa nyingi za foleni. Kwa msichana wa shule, kurudi nyumbani usiku ni kikwazo kingine.

Hapa ndipo vipimo vya mchezo wa ndani vinapokuwa na maana. Mpira wa mikono unachezwa katika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, na katika timu za majeshi, mara nyingi kwenye viwanja vya saruji. Uwanja wa namna hiyo tayari una ukubwa na magoli yanayotakiwa. Kinachokosekana ni magongo, mipira, kinga za kipa na mita 80 za mbao za pembeni, ambazo fundi seremala anaweza kuzitengeneza.

Hata hivyo uwanja wa saruji ulio wazi unafaa kwa mazoezi tu. Mechi rasmi huhitaji paa na sakafu laini, kwa sababu saruji yenye mikwaruzo hubadilisha mwendo wa mpira, huumiza wanaoanguka na hula magongo haraka. Ukumbi mkubwa wa umma jijini ni Uwanja wa Ndani wa Taifa, ulio jirani na Uwanja wa Uhuru katika Wilaya ya Temeke, ambao hutumiwa pia na netiboli, mpira wa kikapu na ngumi.

Netiboli imeonyesha kwamba vilabu vya wanawake vinaweza kudumu nchini Tanzania pale vinapolelewa na taasisi, hasa majeshi na idara za serikali. Ukonga yenyewe inajulikana kwa gereza kuu na chuo cha Jeshi la Magereza, na timu za majeshi hukutana katika mashindano ya Baraza la Michezo ya Majeshi Tanzania (BAMMATA). Mfumo wa Ulaya unategemea msingi wa aina hiyohiyo: kabla ya kuwapo kwa bingwa wa nchi anayekwenda nje, lazima kuwe na vilabu vya kutosha kukutana mara kwa mara ndani ya nchi.